Moi qui n'ai pas connu les hommes

Moi qui n'ai pas connu les hommes (yaani "Mimi nisiyewajua wanaume") ni riwaya ya Kifaransa ya mwandishi wa Ubelgiji Jacqueline Harpman, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1995 na shirika la uchapishaji la Stock mjini Paris. Inasimulia maisha ya msichana asiye na jina aliyekulia ndani ya kizimba chini ya ardhi pamoja na wanawake 39, bila yeyote kati yao kujua ni nani aliyewafunga wala kwa kosa gani. Kwa Kiingereza inajulikana kama I Who Have Never Known Men.

Kwa kawaida riwaya hii huwekwa katika kundi la distopia, yaani hadithi za kubuni zinazoonyesha ulimwengu uliokwenda kombo. Hata hivyo inatofautiana na nyingi za kundi hilo kwa jambo moja kubwa: haina mtawala, haina itikadi, na maswali yake makuu hayajibiwi hadi ukurasa wa mwisho. Ni kitabu kifupi kisichogawanywa katika sura, na lugha yake ni nyepesi. Ugumu wake uko mahali pengine.

Mwandishi

Jacqueline Harpman alizaliwa tarehe 5 Julai 1929 huko Etterbeek, katika eneo la Brussels. Baba yake alikuwa Myahudi mwenye asili ya Uholanzi. Majeshi ya Ujerumani ya Kinazi yalipoivamia Ubelgiji mwaka 1940, familia ilikimbilia Casablanca nchini Moroko, ikarudi nyumbani baada ya vita. Harpman alianza masomo ya udaktari lakini hakuyamaliza kwa sababu ya kifua kikuu. Alianza kuandika mwaka 1954, na mwaka 1959 alipata tuzo ya Rossel, tuzo kubwa ya fasihi nchini Ubelgiji, kwa riwaya yake Brève Arcadie.

Baada ya miaka ya 1960 aliacha kutoa vitabu kwa muda wa karibu miongo miwili. Alisoma saikolojia, akawa mtaalamu wa uchanganuzi nafsi, ile tiba ambayo mgonjwa huzungumza na mtaalamu husikiliza. Aliporudi kwenye uandishi mwaka 1987 alitoa kitabu baada ya kitabu. Orlanda, iliyofuata mwaka mmoja tu baada ya riwaya hii, ilimpatia tuzo ya Médicis ya Ufaransa mwaka 1996. Alifariki Brussels tarehe 24 Mei 2012.

Wachambuzi wengi huunganisha kizimba cha riwaya hii na kambi za Wanazi, wakikumbuka kwamba mwandishi aliikimbia hatari hiyo akiwa mtoto. Uhusiano huo unaeleweka, lakini ndani ya kitabu chenyewe hautajwi popote. Alama ya kazi yake ya pili iko wazi zaidi: msimulizi ni mtu anayejichunguza kwa subira, anayetaka kujua hisia fulani inaitwaje na ilianzia wapi, na hana mtu wa kumwuliza.

Muhtasari wa hadithi

Wanawake 40 wanaishi katika kizimba kilicho ndani ya handaki. Kwa nje walinzi wanaume huzunguka usiku na mchana bila kusema neno. Wana mijeledi, lakini ni nadra kumpiga mtu. Mlio wake angani unatosha. Wafungwa hupewa chakula cha kupika, vitambaa vichache na dawa kidogo. Hawaruhusiwi kugusana. Hawaruhusiwi kujiua. Choo hakina pazia, na taa hazizimwi kabisa, hupunguzwa tu. Wanawake 39 wanakumbuka maisha ya awali: waume, watoto, kazi, maduka. Jinsi walivyoletwa humo hawakumbuki, ila vipande vya kelele na moto. Wa arobaini, ambaye ndiye msimulizi, aliingizwa akiwa mdogo mno, na kizimba ndicho ulimwengu pekee anaoujua. Wenzake humwita "mdogo", basi.

Mwanzoni hawapatani. Wanawake hunong'ona kuhusu mapenzi na wanaume, naye akikaribia hunyamaza, wakiona hakuna faida ya kumfundisha mambo asiyoweza kuyapata. Yeye huudhika na kulipiza kwa kutengeneza siri yake mwenyewe: anajitungia hadithi kichwani kuhusu mlinzi kijana, na kukataa kuzisimulia. Anayekuja kumfungua ni Anthea, aliyekuwa muuguzi, ambaye polepole anamfundisha kuhesabu, kusoma na kuandika, na anakuwa mtu wa karibu kuliko wote.

Kisha siku moja king'ora kinalia, wakati uleule ambapo mlinzi ameingiza ufunguo kwenye kufuli. Walinzi wote wanakimbia na hawarudi tena. Ufunguo umebaki. Msichana anafungua, wanawake wanapanda ngazi ndefu, wanatokea juu kwenye uwanda usio na mwisho: nyasi, vilima vidogo, miti michache, mvua nyepesi, hakuna majira yanayobadilika. Hakuna barabara wala mji wala ndege wa angani. Hawana hakika hata kama hiyo ni Dunia.

Wanatembea kwa muda mrefu wakitafuta watu. Wanachokipata ni mahandaki mengine kama lao, mengine yakiwa ya wanawake, mengine ya wanaume, kila moja likiwa na watu 40 waliokufa ndani ya kizimba kilichofungwa. King'ora kililia kila mahali, lakini kwingine hakuna ufunguo uliokuwa kwenye kufuli. Kwa hiyo uhuru wa kundi moja haukutokana na ujasiri wala hila bali ni ajali ya sekunde chache, na riwaya haimruhusu msomaji asahau hilo.

Hatimaye wanajenga vijumba karibu na mto na kuishi kwa vyakula vilivyohifadhiwa katika mahandaki. Baadhi yao wanapendana wao kwa wao. Miaka inapita, wanazeeka, wanaugua. Hakuna daktari, na dawa zilizopo hazifai kitu mbele ya maumivu makubwa. Msichana, ambaye sasa ni mtu mzima, anajifunza mahali pa kuchoma kisu ili moyo usimame mara moja, na wagonjwa wanapomwomba anawafanyia hivyo. Anthea anakufa. Wa mwisho kuondoka ni Laura, na baada yake msimulizi anabaki peke yake.

Anaanza kutembea tena. Anakuta basi lililosimama uwandani likiwa limejaa maiti za walinzi walioketi vitini na mizigo yao, ishara kwamba nao hawakufika popote. Anakuta makao ya chini ya ardhi yenye kitanda, bafu, karatasi na rafu ya vitabu, mahali palipotengenezwa kwa mtu wa cheo asiyekuwepo. Hapo ndipo anapokaa. Hakuwahi kuvunja ungo, hakuwahi kupata hedhi, lakini ugonjwa unaomwua ni saratani ya mfuko wa uzazi. Maumivu yanapokaribia kumshinda anaketi kuandika habari zake tangu mwanzo, akijua kwamba akimaliza atatumia kisu kilekile. Kitabu ndicho maandishi hayo.

Saa ya moyo

Sehemu inayokumbukwa zaidi na wasomaji wengi si kutoka kwenye kizimba bali kinachotokea kabla yake. Wafungwa hawana saa wala dirisha. Taa zikipunguzwa huitwa usiku, zikiongezwa huitwa mchana, na wote wamekubali. Msichana anagundua kwamba anaweza kupima muda kwa kuhesabu mapigo ya moyo wake. Anthea anamweleza kuhusu dakika na saa, vipimo ambavyo mtoto huyo hakuwahi kuvihitaji, na wawili hao wanaanza kupiga hesabu. Wanagundua kwamba mizunguko ya taa na chakula hailingani na siku ya saa 24.

Ugunduzi huu hauwafungulii mlango. Hauna faida yoyote ya kivitendo. Lakini tangu hapo wafungwa wana kitu ambacho walinzi hawakuwapa na hawawezi kuwanyang'anya. Wanaanza kuzungumza, kubishana, hata kucheka. Msichana anakuwa saa ya wenzake, na ile dharau ya zamani inaisha. Harpman anaonyesha kwa hesabu tupu jambo ambalo waandishi wengine hulieleza kwa hotuba: mfungwa anaanza kujimiliki anapojua jambo moja la kweli kuhusu hali yake, hata liwe dogo.

Suala la jina

Jina la Kifaransa lina utata usiohamishika kwa urahisi. Neno hommes lina maana ya wanaume, na pia lina maana ya wanadamu kwa jumla. Msimulizi hakuwajua wanaume, na vilevile, kwa maana pana, hakuwajua watu: hakuwahi kuishi katika jamii, hakuwahi kuona mtoto mwingine, soko, ugomvi wa majirani au mazishi yenye umati. Maana zote mbili ni za kweli na mwandishi hakutaka kuchagua.

Kiswahili kingemlazimisha mfasiri achague. Mtu si lazima awe mwanamume, na mwanamume hawezi kusimama kwa niaba ya wanadamu wote kama ilivyozoeleka katika Kifaransa. "Sikuwajua wanaume" inaacha nusu ya kitabu nje, na "sikuwajua watu" inaacha nusu nyingine. Kwa upande mwingine Kiswahili kinafaidika na kitenzi chake, kwa kuwa kumjua mume, katika Kiswahili cha dini na cha wazee, kuna maana ya kulala naye. Maana hiyo ya tatu imo pia katika riwaya: msimulizi anakufa akiwa bikira, na anaujadili ukweli huo bila haya wala kujionea huruma.

Mtu bila watu

Wahenga husema mtu ni watu. Riwaya ya Harpman inaweza kusomwa kama jaribio la kuupima usemi huo mpaka mwisho: ukiondoa watu wote, mmoja baada ya mwingine, je, anayebaki bado ni mtu?

Wanawake 39 wanaishi kwa kumbukumbu. Hata uwandani wanajua kuomboleza, kupamba nyumba, kuona aibu, kwa sababu waliwahi kufundishwa. Robinson Crusoe wa Daniel Defoe (1719) naye alipoachwa peke yake kisiwani alikuwa na kumbukumbu hizo. Alijenga upya Uingereza ndogo kwa kichwa chake. Msimulizi wa Harpman hana cha kujenga upya. Hajui hata kukumbatiwa: mijeledi ilimfundisha mapema sana kwamba mwili wa mwingine hauguswi, na wakati Anthea anapotaka kumshika, mwili wake unakakamaa. Anaitambua huzuni yake kwa kuchelewa mno. Ni miaka mingi baadaye, akiwa peke yake na vitabu, ndipo anapoelewa kwamba kile alichokuwa nacho kwa Anthea huenda ndicho wenzake walichokiita upendo.

Hata hivyo hageuki mnyama. Anazika. Kila handaki analolipata analikagua, ingawa anajua atakachokuta. Katika mojawapo anakuta maiti ya mwanamume aliyekufa ameketi wima, mbali na wenzake, na anakaa akimtazama kwa heshima, kana kwamba amepata jamaa. Anasoma kila kitabu kilichopo, kikiwamo cha ufundi wa safari za angani ambacho hakielewi. Anaandika akiwa hana msomaji. Hapo ndipo jibu la riwaya, kama lipo, linapojificha: kuandika ni kumdhania mtu mwingine, na anayemdhania mtu mwingine hajawa peke yake kabisa. Msomaji anayeshika kitabu mkononi anajikuta ndiye mtu huyo aliyedhaniwa. Ni hisia ya ajabu, na pengine ndiyo sababu riwaya yenye vifo vingi kiasi hiki haiachi ladha ya ukatili.

Suala la kisu lahitaji kutajwa kwa uangalifu. Wenzake wanaliona tendo lake kuwa huduma. Msimulizi mwenyewe hajioni shujaa wala mwuaji. Mwandishi hatetei wala halaani. Wasomaji ambao wamewahi kumuuguza mtu asiye na tumaini la kupona huzisoma kurasa hizo kwa namna yao, na walimu wanaokusudia kuitumia riwaya darasani wanapaswa kujua kwamba kujiua na kuwaua wagonjwa kwa ombi lao ni sehemu ya hadithi.

Maswali yasiyojibiwa

Distopia za kawaida zina adui anayejulikana. Katika 1984 ya George Orwell (1949) kuna Chama. Katika The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood (1985) kuna dola inayotawala miili ya wanawake na kutoa sababu zake. Hata wanafunzi wa Afrika Mashariki waliosoma Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu kingine cha Orwell, wanakumbuka kwamba nguruwe wana majina na kwamba kila udanganyifu wao unaweza kuonyeshwa kwa kidole. Msomaji hufunga vitabu hivyo akiwa na hasira, na hasira hiyo ina mahali pa kwenda.

Hapa haina. Nani aliwafunga? Kwa nini 40? Kwa nini wanawake kando na wanaume kando? Umeme unatoka wapi, na kwa nini taa zinaendelea kuwaka miaka mingi baada ya walinzi kutoweka? Wasomaji wamependekeza majibu mengi: sayari nyingine, jaribio la kisayansi, vita vya nyuklia, fumbo la ukandamizaji wa wanawake, fumbo la kambi za mateso, fumbo la maisha yenyewe. Kila jibu hugonga ukuta. La sayari nyingine halielezi kwa nini mtu ajisumbue kuwasafirisha wafungwa wasio na kazi. La ukandamizaji wa wanawake halielezi maiti za wanaume katika vizimba vilevile. Walinzi nao wanaonekana hawakujua zaidi.

Tofauti inaonekana vizuri ukiiweka riwaya hii kando ya fasihi ya kifungo iliyoandikwa kwa Kiswahili. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) akiwa gerezani nchini Kenya kati ya 1969 na 1972, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Upweke wake ulikuwa mkubwa, lakini alijua ni nani aliyemfunga, kwa sababu ya andiko gani, na kwa muda gani. Msimamo wake ulisimama juu ya ujuzi huo. Wanawake wa Harpman hawana hata kosa la kukana. Kwa upande wa mtindo, aliye karibu naye zaidi ni Euphrase Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambamo msafiri hupita mahali palipokauka watu na kila jibu huzaa fumbo. Ila Kezilahabi hujaza jangwa lake kwa falsafa na sauti za wahenga. Harpman analiacha tupu.

Wako wanaoona kwamba kutojibu huko ni udhaifu, kwamba mwandishi alianzisha fumbo asilojua kulimaliza. Malalamiko hayo yana uzito kwa mtu aliyetarajia riwaya ya kisayansi. Lakini maelezo yangeharibu jambo la msingi. Kama ukurasa wa mwisho ungesema ni serikali fulani au viumbe fulani, mateso ya wanawake yangegeuka kuwa sehemu ya mpango wa mtu, na mpango hata ukiwa mwovu hufariji kidogo. Kwa kunyimwa maelezo, msomaji anawekwa mahali pa msimulizi, ambaye hadi mwisho anaendelea kuuliza ingawa ameshaacha kutarajia.

Matoleo na mapokezi

Riwaya ilitafsiriwa kwa Kiingereza na Ros Schwartz katika miaka ya 1990, ikiwa ya kwanza ya Harpman kuingia katika lugha hiyo. Ilitoka kwa majina mawili: toleo moja la Uingereza liliitwa The Mistress of Silence, na la Marekani I Who Have Never Known Men. Haikuvuma, ikasahaulika kwa wasomaji wengi wa Kiingereza kwa takriban miaka 20.

Mwaka 2019 ilitolewa upya nchini Uingereza na Vintage, ikiwa na dibaji ya mwandishi Sophie Mackintosh, na mwaka 2022 ikatolewa tena Marekani na shirika dogo la Transit Books. Safari hii ilipokelewa kwa namna ambayo wachapishaji hawakuitegemea. Vijana walianza kuijadili katika mtandao wa TikTok, wengi wao wakiwa wametoka katika kipindi cha kufungiwa ndani wakati wa janga la UVIKO-19, na kitabu cha zamani kikaingia katika orodha za vitabu vinavyouzwa sana. Wasomaji wanaojua Kifaransa, wakiwamo wa Kongo, Burundi na Rwanda, wanaweza kuisoma katika lugha yake ya asili, ambamo utata wa jina bado uko mzima.

Harpman, aliyefariki miaka saba kabla ya toleo la 2019, hakuuona umaarufu huo.